Mngurumo Nilioufuta Kwenye Albamu ya Mutheu

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Studio pale Buruburu alinivisha vipokea sauti vizito kama sufuria mbili za ugali, akaniuliza nasikia nini. Nikamwambia, kwaya.

"Na nyuma ya kwaya?"

Kulikuwa na mngurumo mdogo wa umeme.

"Huyo ndiye adui yako. Ukimsikia, ua."

Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni juzi tu, nikajiona profesa. Niliua kelele nyingi kuliko mbu wote wa Mto Ngong. Baadaye nikahamia studio ya Umoja, chini ya Mhandisi Mkuu, mtu aliyeweza kusikia sisimizi akikohoa. Yeye ndiye aliyetufunza desturi ya sumaku. Tepu zilikuwa adimu, kwa hivyo wimbo ukishasafishwa, tepu ya awali unaipitisha kwenye sumaku, inabaki tupu, inangoja mwingine. "Tepu chafu haikai kwenye rafu yangu," alisema. Hata kompyuta zilipokuja, mkono wangu haukuacha.

Mwaka wangu wa mwisho akaja Mutheu, msichana wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben, na albamu mpya. Ulikuwa muziki wa elektroniki wa majaribio: vinanda vya umeme vya zamani vikilia kama chombo cha anga cha mwaka ambao haujafika, naye akiimba juu yake polepole. Alikuwa amerekodi yote kwa mpigo mmoja, kwenye tepu moja. Nyuma yake, mngurumo. Sikumwuliza. Daktari humwuliza mgonjwa kama anaitaka malaria yake? Nikasafisha albamu nzima, nikapitisha tepu kwenye sumaku, nikanywa chai.

Alikuja kusikiliza na mamake. Wimbo wa kwanza haujaisha, mama akavua vipokea sauti.

"Mashine yangu iko wapi?"

"Mashine gani, mama?"

"Cherehani ya kiwandani, huko Industrial Area. Mutheu aliimba kando yake wiki ya mwisho kabla watufungie kiwanda. Saa hii ni vyuma chakavu."

Mutheu akanitazama. "Lakini tepu si iko, Mzee Wafula?"

Nikamwambia ukweli.

"Basi hakuna albamu, mzee. Hizo sauti zingine zote nilikuwa nimeziweka kama mapambo ya cherehani tu."

Ndipo nikakumbuka sampuli. Kompyuta haijui kelele ni ipi mpaka uionyeshe, kwa hivyo unaikatia kipande kabla mtu hajaanza kuimba. Sekunde nne za cherehani tupu zilikuwa bado zimo. Nikazirudia na kuzirudia mpaka zikajaza wimbo.

"Hapana," mama akasema. "Hiyo inaenda kama saa ya ukutani. Yangu ilikuwa inalegea nikichoka."

Akavua kiatu, akaanza kukanyaga sakafu kama alivyokanyaga pedali. Mimi nikawa nakata na kuunganisha nikifuata mguu wake, wimbo baada ya wimbo, siku tatu.

"Hapo sasa," Mutheu akasema. "Hapo ni yeye."

Nimestaafu, na albamu ninayo. Katika wimbo wa tatu kuna mahali cherehani inalegea kidogo, kisha inaendelea. Hapo mama anajinyoosha mgongo. Nimefanya kazi ya masikio karibu miaka arobaini, na mgongo wa mtu sikuwa nimewahi kuusikia.