Mchumaji Nambari 214 na Maoni Niliyoyaficha

Siku ya kwanza kazini nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na makumbusho yalikuwa yanafunguliwa saa tatu. Nilikaa kwenye ngazi nikitazama ukungu upande wa Sosiot, nikifanya mazoezi ya kusalimu. Mhifadhi, yaani anayetunza vifaa na kumbukumbu zake, alinikuta hapo akaniuliza kama nililala nje.

Nilikaa miaka mitatu, hadi mkataba ulipoisha. Najua miaka mitatu si ya kumfanya mtu aitwe mstaafu, lakini waliochukua meza yangu wameniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi.

Makumbusho yetu yalikuwa stoo kuukuu ya majani chai: vikapu, mizani, daftari za makarani wa shamba. Mimi nilisimamia klabu ya vijana ya Jumamosi na kujibu maoni kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni. Jumamosi ya kwanza niliwaonyesha vijana slaidi arobaini. Walisinzia, na mmoja alikoroma. Mhifadhi akanishauri hivi: "Chebet, wape kitu ambacho wakikiharibu tutaaibika wote. Hapo watakuja." Basi nikawaachia kuandika lebo, kile kikaratasi kinachoeleza kifaa ni nini. Walibishana juu ya kila neno, na sikumwona tena mtu akisinzia.

Kuhusu maoni, bodi ilikuwa na sheria moja: matusi yafichwe. Maoni yakifichwa, aliyeyaandika huendelea kuyaona kwenye simu yake, lakini wageni wengine hawayaoni.

Tulipokuwa tukiandaa maonyesho ya wachumaji, niliweka mtandaoni picha ya zamani: mwanamke mwenye kikapu mgongoni, vidole vyake vikikata majani mawili na chipukizi, na nyuma yake wenzake watatu. Zamani mchumaji aliitwa kwenye mizani kwa nambari. Nilipekua daftari siku mbili hadi nikaipata yake, iliyoandikwa bila jina kando ya tarehe ya picha, na kwa fahari nikaandika lebo hiyo mwenyewe: "Mchumaji nambari 214."

Kesho yake akaunti iliyojiita Malkia wa Kambi iliandika: "Hii makumbusho ni ya wajinga. Huyo ana jina. Uliza kabla uandike."

Nilisoma maneno hayo mara kumi na moja. Niliandika majibu manne nikayafuta yote. Nikifikiria bodi, nikifikiria kazi yangu, nikabonyeza kuficha.

Jumamosi viti vilikuwa vitupu. Alikuja Akinyi peke yake, msichana wa kidato cha tatu ambaye watu wake walitoka upande wa ziwa na wameishi katika kambi za wafanyakazi wa chai tangu enzi za babu zake.

"Madam, Malkia ni mimi," alisema. "Kwangu maoni yapo. Kwa simu za wenzangu hayapo."

Nikamweleza sheria ya matusi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilitusi, sawa. Lakini huyo ni nyanya yangu, na yuko hai. Anakaa hapo chini, dakika kumi."

Akaniambia klabu imekubaliana: hakuna atakayekuja tena, na maonyesho tutayafungua bila wao. Sijui kama alijua kwamba, bila wao, sikuwa na sababu ya kuamka Jumamosi.

Nilimwonyesha Mhifadhi barua ya kumwomba nyanya huyo radhi, kurasa mbili. Alisoma mstari wa kwanza akaikunja. "Mtu anakaa dakika kumi, unamwandikia barua? Nunua sukari twende."

Nyanya yake Akinyi, Perpetua, alituketisha sote, Akinyi akiwemo, akashika picha muda mrefu. Niliomba msamaha nikaahidi kuondoa nambari.

"Usiitoe," alisema. "Nilikuwa naitwa hivyo kwa mvua na kwa jua, na niliitika. Lakini Perpetua itangulie." Kisha akagusa wale wa nyuma. "Na hawa je? Huyu ni Tapsabei. Huyu Rael. Huyu alikuwa anaimba vibaya, tulimpenda, ni Nyaboke."

Akinyi alikuwa tayari anaandika. Nyanya akanigeukia. "Ni kweli mjukuu wangu aliwaita wajinga?"

"Ndiyo, nyanya."

"Mlikuwa," alisema, akanijazia kikombe.

Jioni hiyo niliyarudisha maoni ya Akinyi, tusi na yote, na chini yake nikaandika kwamba amesema kweli, tulikosea, na majina ni haya. Bodi iliniita. Mhifadhi alikwenda nami, na sikufukuzwa. Jumamosi viti havikutosha.

Sasa niko nyumbani natafuta kazi, na kila asubuhi bado naufungua ule ukurasa kwa wasiwasi, kama karani aliyestaafu anayeamka kupima majani. Mkiniuliza nilijifunza nini, nitasema tu kwamba mtu akikasirika hadharani, mara nyingi huwa anamtetea mtu wake. Mtafuteni huyo anayetetewa.

Jana mtu wa Sigowet aliandika kwenye ukurasa kwamba yule tuliyemwita Rael ni mama yake, na haitwi Rael kabisa. Nilimpigia Akinyi, ambaye siku hizi ndiye anayeongoza klabu. Alikuwa tayari njiani kwenda Sigowet kumwona mtu huyo.