Kitanda cha Behewa la Zamani

Mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya kung'arishia shaba, humtazama mume wangu kwa jicho la pembeni, ilhali maskini hajawahi kung'arisha hata kijiko. Ndiyo harufu aliyorudi nayo Baba kila jioni nyumbani kwetu Shauri Moyo, mikononi na kwenye kola ya shati. Kazi yake ilikuwa kutunza behewa moja la treni la enzi za ukoloni, lililoegeshwa huko mjini ili wageni wapande na kulitazama. Mimi na Mama hatukuwa tumelitia machoni. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na kuhusu kazi yake alikuwa bubu kabisa.

Nilipokuwa darasa la tatu, Mama alifungua mkoba wa Baba akitafuta mkebe wa chakula, akakuta nguo ya kulala ya kike, nyeupe, ya lesi, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Baba Mwende, hii ni ya nani?"

"Ni ya kazi."

"Kazi gani hiyo inavaa nguo ya kulala?"

Baba akaomba chumvi. Mama akamsogezea chumvi, na upole wake huo ukanitisha kuliko makelele. Mwaka huohuo jirani yetu alikuwa ameachwa na mumewe, akarudi Machakos kwa lori pamoja na watoto wanne na vyombo vyote. Nilijua sasa ni zamu yetu. Jumamosi Mama akanivika sweta, akamwambia Baba aende nami kazini, kisha akaninong'oneza mlangoni, "Macho, Mwende. Usikose kitu."

Sikukosa kitu. Baba alivua viatu kabla ya kuingia behewani, jambo ambalo nyumbani hakuwahi kulifanya. Akafuta alama za pua za wageni kwenye vioo, akapaka mbao mafuta, akasugua vitasa vya shaba mpaka nikajiona humo. Kisha akafungua chumba cha mwisho. Kitanda cha watu wawili. Vikombe viwili mezani. Burashi ya nywele ya mwanamke. Chini ya kiti, viatu vya mtoto wa kike, saizi yangu kabisa.

Nilimchukia mtoto huyo papo hapo. Baba, ambaye nyumbani hakugusa hata mto, alitandika kile kitanda polepole, akinyoosha shuka kwa kiganja, akalaza juu yake ile nguo nyeupe, mkono mmoja hivi, mwingine vile. Akaweka ua jipya kwenye glasi. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, nami sikuwa najua kwamba Baba huimba.

"Wenyewe wako wapi?" nikauliza.

"Hawako," akasema.

Nikaelewa kwamba wametoka kidogo.

Jioni nilimweleza Mama yote, viatu nikavitaja mwisho. Hakulia. Kesho yake baada ya ibada, akiwa bado na kitambaa chake cha kanisani kichwani, alinishika mkono tukaenda mjini kwa miguu. Baba alikuwa zamuni. Alitupisha tukapanda. Kando ya kile chumba kulikuwa na kibao, Mama akakisoma kwa sauti: hivi ndivyo alivyosafiri afisa fulani wa zamani na mke na binti yake. Wote watatu walikuwa wamekufa kitambo.

Nilirukaruka kwa furaha. Baba akacheka. Mama hakucheka. Alikuwa akiitazama ile shuka isiyo na mkunjo hata mmoja.

"Kwa hivyo hakuna mwanamke," akasema.

"Hakuna."

"Kutandika unajua. Maua unajua. Na hakuna mwanamke."

Baba akainamia kitambaa chake cha kusugulia. Njiani nilimwuliza Mama mbona amenuna, na Baba ni wetu peke yetu. Akaongeza mwendo. Ilibidi niolewe na nikae miaka kadhaa ndipo nikaelewa kwamba siku ile Mama angependelea kumkuta mwanamke. Angalau angepata wa kugombana naye.