Ku Karatasi Batoto Ni Batano

Haya ya ile siku ingali ku uso yangu, basi mucheke kidogo tu, kisha munisikilize. Niko mwalimu wa Français hapa Majengo, mutaa ya Goma, na miaka yote batoto balinijua kwa kitu moja: karatasi yenye kufutwa-futwa ninaipunguzia pointi. Brouillon (ile ya kujaribia mbele ya kuandika ile ya safi) sikutaka hata kuiona, niliiita uchafu.

Sasa mama ya Furaha, mwanafunzi wangu wa darasa ya quatrième, akakufa, na familia ikaniomba niandike historia ya marehemu, niisome mbele ya kumuzika. "Mwalimu, ni wewe uko na mukono muzuri," papa yake akaniambia. Nikaandika mara moja, biki ya buluu, karatasi ikatoka safi, nikajisifu peke yangu. Asubuhi ya maziko niko navaa kravati ndipo ninaona: nimetaja batoto batano, kumbe bako sita, na mwenye nimesahau ni Furaha mwenyewe! (Mungu wangu.) Kumuongeza ingeomba nikate mistari mbili. Nikaangalia ule uzuri wa ukurasa, nikasema hapana, nitamuongeza na kinywa.

Kufika kule batu bamejaa, mama yuko mbele yetu ndani ya sanduku, woga ikanikamata, nikasoma vile vile nilivyoandika: "Ameacha batoto batano." Shangazi ya Furaha akapaza sauti, "Bako sita!" Na mimi, mupumbavu, pahali pa kuomba musamaha, nikainamisha macho nikajibu: "Ku karatasi ni batano, mama."

Batu bakaguna. Furaha alikuwa karibu na sanduku. Hakulia, aliniangalia tu, kisha akatoka kati ya ndugu zake akaenda kusimama nyuma na majirani, kama mugeni ku kilio ya mama yake. Nilitamani udongo upasuke unimeze (na hapa Goma, chini ya volkano, udongo unajua kupasuka), lakini siku ile ulinyamaza.

Kisha wiki moja nikamupelekea historia mupya. Nilikuwa nimeiandika mara ine, nikakata, nikaongeza, jina yake ikiwa ya kwanza kwa sababu ni yeye mukubwa. Akaisoma yote, polepole.

"Iko muzuri, mwalimu. Lakini mama balimuzika na ile ingine."

Leo sipokei kazi ya mutoto bila brouillon yake, na bakilalamika eti ni kazi mara mbili, ninabaambia ndiyo, ni mara mbili, mufanye.