Magoti Mbele ya Bampa

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Juzi, gerejini kwangu Lodwar, nilipiga magoti mbele ya gari la mteja nikibana ufa wa bampa nilioupaka supa gluu. Kwa joto letu gluu ikakauka papo hapo, ikanasa vidole vyangu vya mkono wa kulia.

Mara akaingia baba yake Akiru, mchumba wangu, amekuja kunitazama kabla ya posa.

“Ejok!” akanisalimu kwa Kiturkana, akanyoosha mkono.

Wa kulia umenaswa. Wa kushoto ungekuwa matusi. Nikainamisha kichwa tu.

“Huyu kijana iko na heshima!” mzee akafurahi. “Akiru nimekupa.”

Nikajitia mnyenyekevu zaidi. Mteja, aliyekuwa ameketi kwenye usukani bila habari, akawasha gari akarudi nyuma. Nikalifuata kwa magoti, nikipiga mayowe.

Mzee akashangaa. “Kumbe hata gari unaheshimu?”