Mguu Nilipoteza Mimi, Fidia Iko kwa Jina la Binamu Yangu

Admin, nifichie jina. Nililificha mwenyewe miaka minne, na huko kulificha ndiko kumenifikisha hapa.

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, natoka Kibugu, nina mke na mtoto mmoja. Shule niliachia kidato cha pili, karo ilimshinda mama. Nikawa nachuma majani chai mpaka nikasikia kuna ajenti Mombasa anaandika watu wa meli zinazopeleka vifaa kwenye mitambo ya mafuta baharini. Alitaka cheti cha kidato cha nne. Binamu yangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa nacho. Sisi wawili tumeitwa jina la babu mmoja, na hata sura tunafanana. Akanipa cheti na kitambulisho chake, akasema, "Enda utafute. Ukipata usitusahau." Ajenti akapitisha picha yangu na jina la binamu.

Kazi niliifanya vizuri, sijisifu. Mwaka jana tukipakua mzigo, kamba ya chuma ya winchi ilikatika ikanipiga mguu wa kulia. Nilikatwa chini ya goti katika hospitali ya nchi ambayo hata lugha yao siijui. Nilipofika nyumbani mama alinishika shati akalia tu.

Wakili niliyemtafuta aliniambia fidia ipo, mkataba unanilinda, ila kampuni inataka barua ya chifu kwamba mimi ndiye mwenye jina lililo kwenye mkataba. Nikaenda na magongo yangu. Chifu akasoma jina, akaniangalia. "Huyu si ni yule mwalimu wa shule ya Kanja? Jumapili nilikuwa na yeye kanisa, ako na miguu yote miwili. Sasa mimi nitaandika amekatwa aje?" Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamwambia wakili ukweli. Alikasirika sana, kisha akasema imebaki njia moja: binamu yangu aape kwamba alinipa karatasi zake na aliyekuwa melini ni mimi. Kampuni huenda ikakubali, huenda ikakataa. Lakini mwajiri wa binamu akijua, ualimu wake umeisha, na sote wawili tunaweza kushtakiwa.

Nilidhani atanikimbia, nikaanza hata kumchukia. Juzi alikuja, akakaa kwa stuli, akaangalia pale mguu unapoishia. "Brathe, nitaapa. Ni mimi nilikupatia hizo karatasi. Ngoja tu bibi azae, ni wiki hii."

Mke wangu anasema nikubali. Mama anasema tusimharibie mtoto wa watu. Mimi bila fidia sina mguu wa bandia, na shamba letu ni mteremko mtupu, siufikii hata mchai wa kwanza. Nimechoka kulishwa.

Wakili anataka jibu kesho. Leo asubuhi binamu amenipigia simu. Wamepata msichana, mama na mtoto wako salama. Alikuwa anacheka. Kisha akasema, "Sasa tuende."

Ndugu zangu, nishaurini. Nimpeleke?