Mtamba wa Yeyo

Ile sheria niliiandika mimi. Naisema mapema kwa sababu wenzangu wa chama hapa Noonkopir, Kitengela, hupenda kuniliwaza ati "tulikubaliana." Tulikubaliana wapi? Niliiandika, nikaisoma kwa sauti, wakapiga makofi kwa haraka kwa sababu chai ilikuwa inapoa. Na sheria hiyo ndiyo iliyomfungia jirani yangu njia ya hospitali.

Sisi ni kina mama kumi na wawili. Kila Januari tunaokota vikaratasi vya namba kwenye sufuria, na namba yako ndiyo mwezi wako wa kubeba mchango wa wote. Sheria yangu ilisema anayetaka kubadilishana namba asimame mbele ya wote, aseme sababu, nami katibu niiandike kitabuni. Nilikuwa nimechoshwa na watu wa kubadilishana ovyo kisha wanaingia mitini. Mimi ni mtu wa mipango bwana, na nilijiona mwalimu wa kina mama wote wa Kitengela.

Mwaka huo niliokota tatu. Jirani yangu, ambaye wote tulimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, aliokota kumi na moja. Yeye ndiye aliyeniletea maziwa kila asubuhi tangu nilipohamia hapa kutoka Busia na pacha wa miezi minne, simjui mtu hata mmoja. Wiki ile ya kwanza alikataa pesa zangu. "Nyonyesha kwanza," aliniambia. "Utalipa ukipata nguvu."

Mwezi wangu ulipokaribia, alikuja mlangoni kama kawaida.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko," nikaitikia.

Maziwa nikapokea, lakini hakuondoka.

"Mama Pacha, nibadilishie namba. Niko na shida."

"Shida gani tena?"

"Ni mtamba. Kuna mtu anauza huko Mashuuru, na bei ni nzuri."

"Mtamba kweli?"

"Haki ya Mungu."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka! Nikamwambia mtamba ni ng'ombe tu, anaweza kungoja, tangi la maji nililopanga kununua haliwezi. Kama ni jambo la haraka, Jumapili asimame aseme.

Jumapili akasimama. Tulikuwa tunamtazama wanawake kumi na mmoja, wawili kati yetu wakwe zake, mimi nikiwemo na kalamu yangu. Akajivutia shuka kifuani, akasema tena ni mtamba, akaketi. Nikaandika: Ombi limekataliwa, mtamba si dharura.

Lilikuwa titi. Kulikuwa na uvimbe, na daktari wa huko Kajiado alikuwa amemwambia asikawie, atafute pesa haraka apimwe. Haya niliyajua baadaye sana, kutoka kwa binti yake, tukiwa tumekaa kando ya kitanda ambacho hakuinuka tena. Angeyasemaje mbele ya wakwe, huku mimi naandika? Labda alikuja mlangoni ili aniambie mimi peke yangu. Nami nilimpa kicheko.

Namba kumi na moja ilipofika, tulibeba mchango wake hadi nyumbani kwake. Ulinunua jeneza na mchele wa waombolezaji. Zamu yake haikupotea hata siku moja, kitabu kiko sawa kabisa. Tangi langu liko hapo nje, limejaa, na siku nyingine nikifungua mfereji nalia tu. Sioni haya kusema. Nalia mpaka pacha wanakuja kuufunga.

Sheria ile niliifuta. Niliandika nyingine, kwamba anayeomba kubadilishiwa namba asiulizwe sababu na mtu yeyote. Binti yake tulimwingiza chamani mahali pa mamake, na maziwa sasa huniletea yeye.

Mwaka huu niliokota mbili, yeye akaokota tisa. Juzi asubuhi alisimama mlangoni, maziwa nikapokea, hakuondoka.

"Mama, naomba unibadilishie namba."

"Chukua," nikamwambia, hata hajamaliza.

Akashukuru, akageuka kwenda zake. Kisha akanitazama, akatabasamu.

"Ni ya mtamba, mama."

Woi! Nilimvuta ndani, nikafunga mlango, nikaivunja sheria yangu mwenyewe: nikamuuliza kama ni mtamba kweli. Akasema haki ya Mungu, ni mtamba.

Mamake pia aliapa.