Gari la Pedi Mnadani Masumbwe

Juzi nilikuwa Kagongwa, nasubiri kupimiwa mchele, runinga ya dukani ikaonyesha tangazo la pedi. Binti kavaa suruali nyeupe, anaruka, anacheka, na damu yake eti ni maji ya buluu. Mwenye duka akapunguza sauti kwa haya. Mimi nilitamani kuipasua ile runinga. Usinishangae, ndugu yangu, ngoja nikusimulie.

Nilikulia Masumbwe kwa bibi. Kiangazi tulimenya viazi, tukavikata na kuvianika juu ya mwamba mpaka viwe michembe, na jioni ua mzima ulinukia michembe ya karanga. Kazi hiyo tulifanya mimi na binti wa jirani, aliyenizidi umri kidogo. Alipovunja ungo, ni bibi yangu aliyemkalisha jikoni, akachana kitenge cha zamani, akamwonyesha kukunja na kufua. "Anika panapopigwa na jua, usifiche uvunguni," alimwambia. "Hujaiba kitu."

Siku moja ya mnada likaja gari la matangazo ya pedi, spika zinapasua masikio. Wauza ng'ombe, wachimbaji wenye matope ya mashimoni, wanafunzi, wote tukalizunguka. Dada mmoja wa mjini akasimama juu yake na maiki.

"Nani hapa bado anatumia matambara? Asiogope, ana zawadi yake!"

Binti wa jirani akanyoosha mkono. Kwa nini asinyooshe? Alikuwa ameulizwa, akajibu.

Wakampandisha. Yule dada akamshika bega. "Jamani, mambo ya mabibi hayo! Hebu geuka, mrembo, tuone kama sketi iko salama!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wachimbaji wakapiga miluzi. Mwenzangu alisimama pale, mikono kaiweka nyuma ya sketi, machozi yanamtoka, na wao wakaongeza muziki.

Bibi alikuwa pembeni anauza michembe. Aliwapangua wale wanaume kwa viwiko, akapanda, akavua kanga yake ya juu akamfunga mtoto kiunoni. "Shuka, ng'wanawane, mwanangu." Kisha akamgeukia yule dada. "Mayu, mama wewe, umekuja kuuza au kuumbua watoto wa watu?"

Yule dada akacheka kwenye maiki, akasema bibi naye apewe fulana ya zawadi.

Shuleni wakambandika mwenzangu jina la ile pedi. Kila akipita, wavulana walimwimbia wimbo wa tangazo. Mwalimu alisikia, akaendelea kuandika ubaoni. Muhula haujaisha, akapelekwa Chato kwa shangazi yake, na darasani hakurudi tena.

Bibi alishafariki. Ule mwamba wameupasua kokoto, na michembe siku hizi naiona kwa nadra. Pedi zenyewe sina ugomvi nazo, natumia. Hasira yangu ni kwa wale wanaomfanya mtoto ajione mchafu kwanza, ndipo wamuuzie usafi.

Mwaka jana nilimkuta mwenzangu huko Chato, ameanika dagaa. Nikampa shikamoo, akaitikia, tukacheka sana. Halafu nikamuuliza kama anaukumbuka ule mnada.

Akainama, akawa anageuza dagaa.

"Damu sikuiogopa hata siku moja," akasema. "Bibi yako alishanieleza. Niliogopa ile maiki. Mpaka leo, mdogo wangu, kanisani wakiniita mbele nisome, natoka nje."